Mgomba Uliovaa Shati la Gozbert

Watu wa Nyakariba walimwita Veritasi, na wala si kwa heshima. Jina lake la ubatizo lilikuwa Ildefonce. Alisoma seminari mpaka akafika kwenye falsafa, akabishana na padri mmoja Mzungu siku baada ya siku, mwisho akarudishwa kwao Ngara na sanduku lake la bati. Kilatini chote kikamtoka kichwani isipokuwa neno hilo moja, ambalo maana yake ni ukweli, na hilo akalitumia kama wengine wanavyotumia chumvi. Ukimuuzia mbuzi ukasema ana mimba, atakuuliza umejuaje. Ukimwambia kesho mvua itanyesha, atakuuliza unajua au unatamani. Mtu wa namna hiyo ni adha kijijini, tusidanganyane. Operesheni ya vijiji ilipokuja, nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya njia, hakuna aliyeomba kupangwa karibu naye.

Lakini kusoma alikuwa amesoma, kwa hiyo wakampa darasa la ngumbaru. Jioni watu wazima walikaa kwenye magogo na vibao vyao, mikono imejaa udongo wa shamba la kijiji, naye akishamaliza kuwafundisha a-e-i-o-u anawatupia mambo ya seminari.

"Wenye akili wamegombana juu ya ukweli tangu dunia ianze," aliwaambia. "Wako wasemao neno ni la kweli likikutana na kitu chake. Nikisema ng'ombe yumo zizini, twendeni zizini. Yumo, kweli. Hayumo, uongo. Wako wengine wasemao, hapana, neno ni la kweli likipatana na maneno tuliyokwisha kuyakubali, likakaa nayo kama tofali ukutani. Na wako wasemao la kweli ni lile linalofaa, ambalo ukilifuata linakufikisha."

"Na lile ambalo watu wote wamekubaliana?" aliuliza Mzee Ndikuriyo, mkubwa wa ukoo, ambaye alikuja ngumbaru kwa sababu katibu wa chama alimlazimisha. "Penye wengi hapaharibiki neno."

"Wapo wasemao hivyo pia, mzee."

"Na wewe mwalimu uko upande gani?"

"Mimi niko zizini," akasema Ildefonce, "namtafuta ng'ombe."

Wakacheka sana. Miaka ile watu walikuwa bado wana cheko.

Vita ilipokuja, mgambo waliitwa kutoka kila kijiji, na Nyakariba ikamtoa Gozbert, mtoto wa kwanza wa Ildefonce. Kijana mrefu, mpole, ameoa juzi tu, na mkewe Benedicta hajashika hata mimba. Aliondoka na lori akiwa amesimama nyuma pamoja na wenzake, wanaimba. Mama yake, Marsiana, alikimbia na lori lile mpaka kanga ikamfunguka. Akasimama akaifunga, lori likapinda.

Nduli wa Uganda akapigwa, akakimbia. Ngoma zikalia, wanajeshi wakaanza kurudi mmojammoja. Gozbert hakurudi. Aliyekuja ni Msukuma mmoja wa upande wa Biharamulo, anaitwa Kazimili, aliyekuwa naye kikosi kimoja. Alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa, akasema lori alilopanda Gozbert lilipigwa njiani kule Uganda, likawaka moto.

Marsiana akaangua kilio. Wanawake wa jirani wakakiitikia, na mara moja uani pakajaa watu.

"Nyamazeni kwanza," akasema Ildefonce. "Kazimili mwanangu, ulimwona?"

"Niliona lori likiungua, mzee."

"Sikukuuliza lori. Gozbert ulimwona akiungua?"

"Alikuwa amepanda mle, mzee."

"Ulimwona akipanda. Ulimwona akishuka?"

Kazimili akamtazama kwa huruma. "Mzee, hakuna aliyeshuka akiwa hai."

"Mlihesabu maiti?"

"Tulikuwa tunakimbia, mzee. Tulikuwa tunapigwa."

"Basi hujui," akasema Ildefonce. "Unadhani. Mwanangu hajafa mpaka nione."

Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mtamwona Ildefonce ni mbishi tu. Katika ukoo wao, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukavikwa nguo yake, ukalazwa kaburini kama mtu. Baba yake, au aliye mahali pa baba, husimama ukingoni akamwambia kwa sauti watu wote wasikie: umekufa, nimekuzika, usirudi. Baada ya hapo matanga yanaanuliwa, mjane anakuwa huru kurithiwa, na maisha yanaendelea. Lakini kabla ya hapo, nyumba hiyo ina maiti juu ya ardhi. Jembe la nyumba yenye maiti halichanganywi na majembe ya watu, kwa sababu mbegu haitaota. Na katika shamba la ujamaa ambako mnalima bega kwa bega, hilo ni jambo kubwa.

Kwa hiyo Marsiana alipofika shambani na jembe lake begani, wanawake waliokuwa kulia kwake walisogea kulia, na waliokuwa kushoto wakasogea kushoto. Hawakumtukana. Walimsalimia, wakamuuliza habari za nyumbani, halafu wakasogea. Mwenyekiti wa kijiji akahubiri kwamba ujamaa hauna ushirikina, wakampigia makofi, na kesho yake wakasogea vilevile.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kila chakula kilipoiva Marsiana alipakua sahani ya Gozbert, akaifunika. Jioni aliwamwagia kuku. Benedicta naye alikaa tu, si mke, si mjane, kama mfiwa aliyenyolewa nusu ya kichwa. Mdogo wake Gozbert, Modestus, alikuwa amekwisha kukubali kumrithi shemeji yake kama desturi inavyotaka, lakini mdomo wa baba ulikuwa umefungwa. Ndikuriyo alikuja akasema, akachoka. Wajomba wakaja wakasema, wakachoka. Kila aliyekuja aliulizwa swali moja: nani amemwona? Masika yakapita, kiangazi kikapita, masika mengine yakaja, na Ildefonce bado yuko zizini kwake anamtafuta ng'ombe.

Msidhani hakuwa anaumia. Alikuwa anaumia mpaka mifupa. Alipokuwa peke yake kwenye migomba alimwita mtoto jina lake, polepole, halafu akasikiliza. Aliona kwamba akikubali amekufa bila kujua, atakuwa amemuua yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Hilo ndilo alilolikataa.

Siku moja Marsiana alipakua ile sahani, akaishika, asiifunike. Akaja akaiweka mapajani mwa mumewe.

"Baba Gozbert," akasema, "huo ukweli wako, hebu niambie, umenifaa nini?"

Ildefonce akaishika sahani isimwagike.

"Ningekuwa na kaburi ningelia hapo. Ningelia mpaka niishiwe, kisha ninyamaze kama wenzangu. Wewe umeninyima hata pa kulilia. Kila mbwa akibweka nainuka. Kila lori likipita kwenda Rusumo nainuka. Nimechoka kuinuka! Nizikie mwanangu, ama nizike mimi."

Akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima yule, miguu ameinyoosha kama mtoto, wala hakulia. Ildefonce alimtazama kwa muda mrefu, sahani iko mapajani, maharage yanapoa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa swali.

Wakazika Jumamosi. Ndikuriyo mwenyewe aliuchagua mgomba, mrefu kama Gozbert alivyokuwa, na Marsiana akauvika shati lake la harusi, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Watu walikuwa wengi. Ildefonce akasogezwa ukingoni, akasimama. Alitaka kusema, sijui. Sijui ndilo neno pekee alilokuwa na hakika nalo. Lakini desturi haina nafasi ya sijui.

"Gozbert," akasema. "Umekufa. Nimekuzika. Usirudi."

Watu wakashusha pumzi. Kaburi likafukiwa, na Marsiana akalia kilio cha kweli, kilio kilichokuwa kimeoza ndani yake.

Na huwezi kuamini, uongo ule ulifaa! Nauita uongo kwa sababu Ildefonce mwenyewe aliuita hivyo. Marsiana akarudi shambani, wenzake wakamkaribia, wakalima bega kwa bega. Maharage ya msimu ule yaliota yote. Modestus akamchukua Benedicta, na baada ya muda mkewe huyo akaanza kutapika asubuhi, wanawake wakamtania. Watu wakaacha kumwita mzee Baba Gozbert, wakamwita Baba Modestus. Siku moja Ildefonce alimsikia mkewe akicheka jikoni. Akatoka nje akaegemea ukuta. Maneno yote sasa yalipatana na wenzake, kila tofali liko mahali pake, nyumba imesimama, nayo imejengwa juu ya mgomba. Kama yule padri wake angekuwapo wangebishana mpaka asubuhi. Lakini Ildefonce alikwisha kuacha kubishana. Hata darasani sasa alifundisha a-e-i-o-u tu, akafunga.

Gozbert akarudi mchana, jua likiwa kali.

Wa kwanza kumwona walikuwa wanawake kisimani. Waliacha madumu wakakimbia, mmoja amepoteza kiatu. Alikuja akitembea kwa fimbo, nyuma yao, bila haraka. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeungua ukakunjamana, sikio halipo, na jicho la upande huo limefungwa kabisa. Alikuwa amelazwa hospitali kule Uganda, hajui jina lake kwa muda mrefu. Alipolikumbuka akapewa nauli na wanajeshi waliobaki, akaja kwa malori mpaka Lusahunga, na kutoka hapo lori jingine likamshusha barabarani. Alipofika alikuta nyumba imefungwa mlango. Marsiana alikuwa ndani. Wanawake walikuwa wametangulia kumwambia ajifungie, asitoke, marehemu anakuja.

Kijiji kizima kikakusanyika uani, lakini mbali naye, wakaacha duara la vumbi katikati. Ildefonce akaitwa kutoka kwenye migomba. Akaja na mundu wake mkononi. Akamwona.

"Simama hapo hapo, Ildefonce," akasema Mzee Ndikuriyo. Hakuwa mtu mbaya, mzee huyu, nisimsingizie. Alikuwa anaogopa tu. "Sikiliza kabla hujafungua kinywa. Wewe unajua desturi. Aliyezikwa akirudi na akapokelewa, kaburi linabaki tupu, na kaburi likishachimbwa halikubali kubaki tupu. Litachukua aliye karibu na mlango." Hakusema nani. Watu wote walimtazama Benedicta, ambaye alikuwa amesimama kando ya jiko, mikono miwili juu ya tumbo, tumbo limekwisha kuwa kubwa. "Lakini huenda huyu si yeye. Mimi uso huu siujui. Nani anaujua?"

Watu wakarudi nyuma hatua moja.

"Wote hatuujui," akasema Ndikuriyo. "Aliyezika ndiye shahidi. Sema wewe, nasi tutakubali. Ni mwanao, au si mwanao?"

Ildefonce aliuvuka ule uwazi wa vumbi, akamkaribia mpaka akasikia anavyopumua. Akamuuliza kwa sauti ya chini, asisikie mwingine.

"Nilimchapa mwanangu siku moja akiwa mdogo, nyuma ya nyumba. Mama yake hajui sababu mpaka leo. Ilikuwa nini?"

Yule mtu alijibu kwa sauti iliyokwaruzika. "Nilikunywa pombe ya ndizi ya harusi ya shangazi, nikalala ndani ya mtumbwi wa kukamulia. Halafu ukanifulia nguo mtoni wewe mwenyewe, mama asijue." Akajaribu kutabasamu kwa upande uliobaki. "Baba, mama yuko wapi?"

Hapo tena! Ng'ombe yumo zizini. Neno limekutana na kitu chake, kimesimama mbele yake kinapumua, kinanuka vumbi na dizeli. Ildefonce alingoja siku hii kuliko mtu yeyote duniani. Alitaka kuangusha mundu, amkumbatie, apige yowe.

Akageuka kuwatazama watu. Akamwona Modestus, uso umekuwa wa majivu, anamtazama kaka yake na kumtazama mkewe. Akamwona Benedicta anatikisa kichwa polepole, midomo inasema baba, baba, bila sauti. Yeye Ildefonce hakuamini kwamba kaburi linakula watoto. Lakini Benedicta aliamini, na Ndikuriyo, na hawa wote. Alijua watoto wachanga wanavyokufa Nyakariba, kwa homa tu, bila kaburi lolote kuwaita. Huyu wa tumboni akifa, Modestus atashika panga. Akipona, watamngoja afe. Na Marsiana mle ndani, aliyejifunza kucheka juzi, atazika tena, safari hii bila mgomba. Ukweli huu ni wake yeye peke yake kuubeba, alijiambia. Wengine utawavunja.

"Sema, Ildefonce."

"Simjui," akasema. Sauti ilitoka vizuri tu, hilo ndilo lililomtisha baadaye. "Mwanangu nilimzika."

Mtu mmoja akasema Bwana asifiwe. Gozbert hakusogea. Jicho lake lile moja lilitoka kwa baba, likaenda kwa Benedicta, likashuka kwenye tumbo, likakaa hapo kidogo. Kisha likaenda kwa Modestus. Alikuwa kijana mwelewa tangu zamani.

"Shikamoo, mzee," akamwambia baba yake.

Ildefonce alisimama. Watu walikuwa wanamtazama, na shikamoo ni lazima ijibiwe.

"Marahaba," akasema.

"Samahanini, wazee wangu. Nimekosea kijiji. Hivi vijiji vya kupangwa vinafanana."

Akageuka na fimbo yake. Modestus ndiye aliyekimbia nyuma yake na mkungu wa ndizi mbivu, akamwekea mkononi bila kumtazama, akisema, "Za njiani, mgeni." Gozbert akazipokea, akashukuru. Duara likafunguka, akapita, na watu wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja, kwa furaha, kama watu waliookoka ajali. Ndikuriyo alimshika Ildefonce bega, akamwambia kwamba leo amemwona mtu wa kweli.

Walipoondoka wote, Ildefonce akabisha mlango. Marsiana akaondoa komeo. Alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya mlango muda wote ule, mgongo kwenye mbao.

"Baba Modestus, niambie. Ni yeye?"

"Si yeye."

"Mbona nilisikia hatua zake? Hatua za mwanangu nazijua."

"Anachechemea, mke wangu. Gozbert hakuchechemea. Ni maskini tu aliyeungua vitani, amepotea."

Marsiana akamtazama machoni. Mwanaume huyu alikuwa amewagombanisha na ukoo mzima kwa sababu hataki kusema asilolijua. Akashusha mabega.

"Afadhali umeniambia wewe," akasema. "Angeniambia Ndikuriyo nisingeamini. Unajua nilikuwa naomba nini hapa chini? Nilikuwa nasema, Ildefonce akisema ndiye, natoka. Kaburi na lichukue linalotaka. Linichukue mimi, mimi ndiye niliyekulazimisha kulichimba. Nimemwambia Mungu hivyohivyo. Waniue nikiwa nimemshika." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akainuka akijishika ukutani. "Haya, ngoja nipike. Si yeye."

Ildefonce akatoka nje. Alitembea mpaka alipopita nyumba ya mwisho, kisha akaanza kukimbia, mzee yule, kaptura inampwaya, miguu mitupu, akakata kwenye migomba ya watu, akapita makaburini, akateremka bondeni akapanda upande wa pili mpaka barabara kuu. Kifua kilikuwa kinampasuka. Barabarani palikuwa na wanawake wawili wanauza mahindi ya kuchoma kwa wenye malori.

"Mmemwona mtu?" akauliza. "Ameungua uso. Ana fimbo."

"Amepanda lori sasa hivi," akasema wa kwanza. "La kwenda Rusumo."

"Wewe nawe! Rusumo ya wapi?" akasema mwenzake. "Lile lilikuwa linatoka Rusumo. Amekwenda Lusahunga huyo."

"Mimi nimemwona kwa macho yangu, amekwenda huku!"

"Na mimi nilikuwa nimefumba macho, sivyo?"

Wakabishana, kila mmoja amenyoosha mkono upande wake. Ildefonce aliwasikiliza mpaka mwisho. Alitazama upande huu wa barabara, akatazama upande ule, na kote kulikuwa na vumbi linalotua. Mmoja akamuuliza, huyo mtu ni nani wako, mzee?

Alisimama pale mpaka malori mengine yakapita na kumpigia honi atoke njiani. Jua lilipoanza kushuka akarudi nyumbani kwa miguu iliyovimba. Chakula kilikuwa tayari, na Marsiana alikuwa anaimba kidogokidogo wimbo wa kanisani. Akamuuliza alikuwa wapi muda wote huo. Ildefonce akamwambia alikwenda kutafuta mbuzi, naye akaamini.